Dodgers kabla ya msimu wa 2025: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kikosi

Majibu haya yanahusu Los Angeles Dodgers kama walivyo mwishoni mwa Februari 2025, kambi ikiendelea Camelback Ranch huko Glendale, Arizona. Yameandikwa kwa mashabiki wanaofuatilia beisiboli kwa Kiswahili, ambao wengi wamevutiwa na timu hii kupitia Shohei Ohtani na sasa wanataka kujua nani atacheza wapi, nani ni majeruhi, na bingwa mtetezi ana upungufu gani. Vipaji vipo vya kumwaga. Tunachokihofia ni kimoja, na utakikuta karibu kila jibu: awamu za kurusha (mechi moja ina awamu 9) zitatoka wapi ili Oktoba, mwezi wa mchujo, ifike mikono ikiwa mizima?

## Misingi

Msimu unaanza lini, na kwa nini unaanzia Japani?

Mechi mbili za kwanza ni dhidi ya Chicago Cubs katika Tokyo Dome, tarehe 18 na 19 Machi. Ni mechi kamili za ligi. Ushindi na takwimu zote zinahesabiwa. Kisha timu inarudi Marekani, inacheza mechi chache za kujipima, na kufungua nyumbani Dodger Stadium tarehe 27 Machi dhidi ya Detroit Tigers.

Kwa sababu hiyo kambi ilifunguliwa mapema, warushaji na wadakaji wakaripoti tarehe 11 Februari. Jambo hili si dogo. Mkono wa mrushaji hujengwa taratibu kwa wiki kama sita, kutoka mirusho michache hadi 80 au 90 kwa siku. Anayetakiwa awe tayari tarehe 18 badala ya 27 amepunguziwa zaidi ya wiki nzima ya kazi hiyo. Hatutarajii mrushaji yeyote wa Dodgers apite awamu 5 kule Tokyo, na akitolewa mapema usidhani ameumia.

Kwa saa za Afrika Mashariki, mechi zinaanza saa ngapi?

Mechi ya kwanza Tokyo ni saa 7:10 mchana kwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Ni nafasi adimu ya kuitazama timu hii mchana kweupe.

Baada ya hapo, mechi za kawaida za usiku Los Angeles huanza saa 11:10 alfajiri ya siku inayofuata. Za Jumapili mchana nyumbani huangukia saa 5:10 usiku, na ndizo rahisi kwa mwenye kazi Jumatatu. Timu ikisafiri miji ya mashariki ya Marekani, mechi ya jioni huanza kama saa 8:05 usiku. Walioko Lubumbashi, Kigali na Bujumbura watoe saa moja. Walioko Muscat waongeze saa moja.

Kikosi cha 26 na orodha ya 40 vinatofautiana vipi?

Kikosi cha 26 ndio wanaoweza kucheza leo. Orodha ya 40 inajumuisha hao pamoja na wengine 14 wenye mikataba ya ligi kuu, ambao wengi wako timu ya daraja la chini ya Oklahoma City wakisubiri kuitwa. Asiyekuwa kwenye orodha ya 40 hawezi kupandishwa mpaka atafutiwe nafasi humo.

Katika wale 26, warushaji hawazidi 13. Ohtani ana kibali cha pekee: kwa kuwa ametimiza masharti ya mchezaji anayerusha na kupiga, hahesabiwi kati ya hao 13. Kwa hiyo Dodgers wanaweza kuwa na warushaji 13 na Ohtani juu yao, nafasi ambayo timu nyingine haina.

Mrushaji aliyeumia huwekwa nje siku 15 au 60. Mpigaji siku 10 au 60. Anayewekwa siku 60 hahesabiwi kwenye orodha ya 40. Hilo lishike, kwa sababu Dodgers hulitumia kuliko wengi (tazama swali la Kershaw).

Nani wameingia na nani wameondoka tangu ubingwa wa Oktoba 2024?

Walioingia: Blake Snell, mrushaji wa mkono wa kushoto, miaka 5 kwa dola milioni 182, Roki Sasaki kutoka Chiba Lotte Marines ya Japani, Tanner Scott, mrushaji wa akiba (anayeingia mechi ikiendelea), miaka 4 kwa dola milioni 72, Kirby Yates, mwaka mmoja kwa milioni 13, Michael Conforto, mwaka mmoja kwa milioni 17, na Hyeseong Kim kutoka Kiwoom Heroes ya Korea Kusini, miaka 3 kwa milioni 12.5.

Waliobakishwa kwa mikataba mipya ni Teoscar Hernández, miaka 3 kwa milioni 66. Tommy Edman, miaka 5 kwa milioni 74. Blake Treinen, miaka 2 kwa milioni 22. Pamoja na Enrique Hernández na Clayton Kershaw.

Walioondoka: Walker Buehler amekwenda Boston, Jack Flaherty amerudi Detroit, Gavin Lux ameuzwa Cincinnati, Ryan Brasier ameuzwa Cubs, na Daniel Hudson amestaafu. Pengo kubwa hapo ni Buehler na Flaherty. Hao wawili, pamoja na Yoshinobu Yamamoto, ndio walioanza karibu mechi zote muhimu za Oktoba. Snell na Sasaki wameletwa kulijaza.

## Warushaji wa kuanza

Mzunguko wa kuanza (warushaji wanaopokezana kuanza mechi) utakuwa na nani?

Majina manne hayana mjadala: Yamamoto, Snell, Tyler Glasnow na Sasaki. Nafasi ya tano inagombewa na Tony Gonsolin, Dustin May na Landon Knack. Baadaye katika mwaka wataongezeka Ohtani na Kershaw.

Mpango ni kwenda na watu sita badala ya watano wa kawaida, au watano na siku za mapumziko zilizopangwa. Yamamoto na Sasaki walizoea Japani kurusha mara moja kwa wiki, na Ohtani alikuwa hivyo hivyo akiwa na Angels.

Kama wana majina makubwa kiasi hicho, hofu inatoka wapi?

Fanya hesabu. Mechi 162 mara awamu 9 ni awamu 1,458. Hata ukikubali kwamba siku hizi mrushaji wa kuanza anatoa awamu 5 tu, bado unahitaji 810 kutoka kwa waanzaji.

Sasa angalia rekodi zao. Snell ana tuzo mbili za Cy Young (ya mrushaji bora wa mwaka), ya 2018 na ya 2023, na hiyo ndiyo misimu miwili pekee aliyopita awamu 130. Glasnow alifikisha 134 mwaka jana, ikawa kilele cha maisha yake, na hata hivyo kiwiko kilimsimamisha Agosti. Yamamoto alirusha 90 baada ya bega kumweka nje karibu miezi mitatu. Sasaki hajawahi kufika 130 hata Japani. Mwaka jana alikuwa na 111. Aliyeongoza Dodgers kwa awamu 2024 alikuwa Gavin Stone, 140 na theluthi, naye amefanyiwa upasuaji wa bega na hatarusha mwaka huu.

Makadirio yetu, tena kwa moyo wa kutumaini mema: Yamamoto 140, Snell 125, Glasnow 120, Sasaki 110. Jumla 495. Zinabaki awamu zaidi ya 300 za kutafutwa kwa Gonsolin, May, Knack, Ohtani, Kershaw, Justin Wrobleski, Ben Casparius na Bobby Miller. Ukitaka kujua msimu unakwendaje ifikapo Juni, usitazame tu homurani za Ohtani (mipira anayoipiga hadi nje ya uwanja). Jumlisha awamu za hawa wa pili.

Kwa nini wasiwalazimishe tu warushe zaidi?

Kwa sababu klabu inahesabu kutoka Oktoba kurudi nyuma. Mwaka 2023 Dodgers walishinda mechi 100, wakafika mchujo mzunguko umekwisha kabisa, wakatolewa na Arizona bila ushindi hata mmoja. Mwaka 2024 walishinda 98, wakafika na waanzaji watatu tu, na ilibidi baadhi ya mechi zichezwe na warushaji wa akiba mwanzo hadi mwisho. Mechi ya nne dhidi ya San Diego walitumia warushaji wanane na kushinda 8–0. Ilifaulu, lakini hakuna anayetaka kuishi hivyo mwaka wa pili mfululizo.

Ohtani atarusha lini?

Hatarusha Tokyo, hilo klabu imeshalisema. Lengo lililotajwa ni kuelekea Mei. Sisi tunaona Mei ni mapema mno, na tusingeshangaa ikisogea hadi katikati ya mwaka.

Sababu ni tatu. Alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Septemba 2023, na hicho ni cha pili. Kisha katika mechi ya pili ya fainali ya 2024 aliteguka bega la kushoto akijaribu kuiba kituo cha pili, akafanyiwa upasuaji tarehe 5 Novemba. Bega hilo si la mkono anaorushia, lakini lilimkatizia mazoezi ya kurusha. Na ya tatu, ambayo wengi hawaifikirii: mrushaji wa kawaida anaporejea hupelekwa timu za chini akarushe mechi nne au tano za kujijenga. Ohtani hawezi kwenda, kwa sababu kila siku anahitajika Los Angeles kama mpigaji. Itabidi ajijenge kwa mazoezi ya kuigiza mechi saa chache kabla ya kupiga mechi halisi. Njia hiyo ni ndefu.

Kwa upande wa kupiga, tarajia awepo Tokyo akiongoza safu.

Sasaki yuko tayari kwa ligi kuu?

Ana miaka 23. Aprili 2022 alirusha mechi kamilifu dhidi ya Orix, hakuna aliyefika kituoni, akatoa watu 19 kwa straiki (zikitimia tatu mpigaji yuko nje), 13 kati yao mfululizo. Mpira wake wa spliti unakuja kama wa kasi kisha unazama mbele ya mpigaji, na hata leo ungewasumbua wapigaji wa ligi yoyote.

Wasiwasi uko kwenye mpira wa kasi. Aliwahi kufikisha kilomita 165 kwa saa, ila mwaka 2024 kasi yake ilipungua. Kasi ikishuka, mpigaji anapata muda zaidi wa kuitambua spliti na kuiachia ipite, na hapo Sasaki anajikuta anatoa vituo vya bure (mpigaji anakwenda kituo cha kwanza bila kupiga). Mwezi wa kwanza mtazame kwa jambo hilo tu: je, anapata straiki ya kwanza kwa mpira wa kasi? Kama hapati, spliti peke yake haitamfikisha awamu ya tano.

Kwa nini Sasaki analipwa kidogo kuliko wachezaji wa benchi?

Kwa sababu ya umri. Mchezaji wa kigeni asiyefikisha miaka 25 huingia kama mchezaji chipukizi: anapata mkataba wa daraja la chini na malipo ya kusaini yanayotoka kwenye fungu lenye kikomo. Yake yalikuwa dola milioni 6.5. Akipandishwa atalipwa kima cha chini cha ligi, dola 760,000 kwa mwaka. Angesubiri miaka miwili angelipwa mamia ya mamilioni. Hivyo pia hayumo kwenye orodha ya 40 hadi sasa. Atahitaji nafasi kabla ya Tokyo.

Kershaw amesaini, mbona yuko kwenye majeruhi tayari?

Amesaini mwezi huu kwa dola milioni 7.5 na akawekwa moja kwa moja nje kwa siku 60, kwa kuwa anapona upasuaji wa goti na mguu wa kushoto wa Novemba. Kwa njia hiyo hachukui nafasi ya mtu kwenye orodha ya 40. Ni msimu wake wa 18, wote na Dodgers. Ameshatoa wapigaji 2,968 kwa straiki na anahitaji 32 kufikisha 3,000. Tukipata awamu 70 au 80 kutoka kwake kuanzia katikati ya mwaka, tutashukuru.

Bobby Miller je? Na Gonsolin na May?

Miller alipigwa na mpira kichwani tarehe 20 Februari, mechi ya kwanza kabisa ya kambi. Kabla ya hapo alikuwa na kazi ya kurekebisha mwaka mbaya, ERA (wastani wa mikimbio anayoruhusu kwa kila awamu 9) ya 8.52 mwaka 2024. Tunamwona Oklahoma City mwanzoni.

Gonsolin alikuwa na ushindi 16 na kupoteza 1 mwaka 2022, kisha akafanyiwa upasuaji wa Tommy John, ule wa kubadilisha kano ya kiwiko, na 2024 hakurusha ligi kuu. May hajaonekana ligi kuu tangu Mei 2023: kiwiko, kisha jeraha la umio lililohitaji upasuaji wa dharura. Wote wawili wana uwezo wa kuanza. Tatizo ni kwamba huwezi kumtwika awamu 150 mtu aliyetoka na sifuri. Wape 90 kila mmoja na ushukuru.

## Warushaji wa akiba

Nani atamaliza mechi?

Tunamtarajia Tanner Scott achukue nafasi nyingi za awamu ya tisa. Mwaka jana alikuwa na ERA ya 1.75 akiwa Miami na San Diego, na katika mchujo dhidi ya Dodgers alimtoa Ohtani kwa straiki kila walipokutana. Dodgers walimkumbuka, wakamnunua.

Ila meneja Dave Roberts hapendi kumfunga mtu kwenye awamu moja. Wapigaji hatari watatu wakija awamu ya nane, ataleta mkono wake bora hapo hapo. Kwa hiyo Yates, ambaye alikuwa na ERA ya 1.17 na kuokoa mechi 33 akiwa Texas, na Treinen, nao watamaliza mechi kadhaa.

Nani hawatakuwepo mwanzoni?

Evan Phillips anapona msuli wa bega aliouchana wakati wa mchujo. Michael Kopech ana tatizo la mkono wa mbele. Brusdar Graterol alifanyiwa upasuaji wa bega Novemba, msubiri nusu ya pili ya msimu. Alex Vesia na Anthony Banda, wote wa mkono wa kushoto, wako wazima, na Casparius anaweza kurusha awamu mbili tatu kwa mkupuo.

Kuna nafasi moja au mbili za wazi kwa wageni wa kambi. Usishikamane na majina hayo, kwa sababu yatabadilika kila wiki mbili: mrushaji mwenye opsheni (haki ya klabu kumshusha daraja bila kumpoteza) anaweza kushushwa Oklahoma City, akakaa angalau siku 15, mwingine mwenye mkono mpya akaja. Kanuni inaruhusu mchezaji mmoja kushushwa hadi mara 5 kwa msimu. Ndivyo Dodgers wanavyozipata zile awamu 300 zinazopungua.

## Wapigaji na ulinzi

Safu ya kupiga itakuwaje?

Makadirio yetu kwa mechi ya kwanza dhidi ya mrushaji wa mkono wa kulia: Ohtani, Mookie Betts, Freddie Freeman, Teoscar Hernández, Max Muncy, Will Smith, Conforto, Edman, Andy Pages. Wakikutana na mkono wa kushoto, Enrique Hernández au Miguel Rojas ataingia, na Conforto au Muncy atapumzika.

Betts anacheza shotistopu kweli? Si alikuwa uwanja wa kulia?

Kweli, na tunaona hilo ndilo jaribio kubwa kuliko yote uwanjani mwaka huu. Betts ana Glavu za Dhahabu 6, zote za uwanja wa kulia. Shotistopu, anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu, hushika mipira mingi ya chini kuliko mlinzi yeyote, na ana kama sekunde nne za kushika, kugeuka na kurusha hadi kituo cha kwanza.

Mwaka 2024 alijaribu, akacheza hapo mechi 65 hadi tarehe 16 Juni mpira ulipomvunja mkono wa kushoto. Alifanya makosa 9, mengi yakiwa ya kurusha. Mikono yake ilikuwa salama. Miguu ndiyo iliyomponza. Mlinzi wa uwanja wa nje ana muda wa kukimbilia mpira na kujipanga kabla ya kurusha, shotistopu hana. Safari ile aliambiwa wiki chache tu kabla ya msimu. Safari hii amefanya mazoezi hayo majira yote ya baridi, na tunaamini mirusho itanyooka.

Ikishindikana? Rojas ndiye mlinzi bora wa nafasi hiyo, ila ana miaka 36 na hawezi kucheza kila siku. Edman anaiweza pia. Betts angerudi kulia, Teoscar angehamia kushoto, na Conforto angekuwa wa kwanza kupoteza muda wa kucheza.

Kituo cha pili ni cha nani, na Kim anaingia wapi?

Lux alipouzwa tarehe 6 Januari, siku tatu baada ya Kim kusaini, wengi walidhani nafasi ni ya Kim. Sisi hatudhani hivyo, si mwanzoni. Ulinzi na kasi yake ni vya ligi kuu leo: mwaka jana Korea aliiba vituo 30. Kupiga ndiko kunakohitaji muda. Makocha wanambadilishia namna ya kuzungusha gongo, kwa sababu mipira ya kasi ya ligi hii ni ya haraka kuliko aliyozoea, na mabadiliko ya aina hiyo hayakamiliki katika wiki nne za kambi.

Hesabu ya nafasi pia inambana. Smith, Austin Barnes, Freeman, Edman, Betts, Muncy, Rojas, Enrique Hernández, Chris Taylor, Conforto, Pages, Teoscar na Ohtani ni watu 13, na nafasi ni hizo hizo 13. Aanze Oklahoma City, apige kila siku, aitwe Mei.

Edman ni wa kituo cha pili au uwanja wa kati?

Vyote viwili, inategemea Pages. Pages akipiga, yeye anashika kati na Edman anabaki kituo cha pili. Akikwama, Edman anakwenda kati, na kituo cha pili wanagawana Enrique Hernández, Rojas na Taylor. James Outman aliyeng'ara 2023 alikuwa na wastani wa kupiga wa .147 tu mwaka jana. Arudi kwanza Oklahoma City.

Freeman amepona kifundo?

Alikitegua Septemba 26, akacheza mchujo akichechemea, na bado akapiga homurani katika mechi nne za kwanza za fainali, ikiwamo ile ya kumaliza mechi ya kwanza vituo vikiwa vimejaa. Desemba alifanyiwa upasuaji. Anaendelea vizuri, ila ana miaka 35. Tungependa apumzishwe siku moja kila wiki hadi Juni, ingawa yeye mwenyewe hapendi kukaa.

Conforto ana faida gani?

Mwaka jana alipiga homurani 20 akiwa San Francisco, na 17 kati ya hizo alizipiga ugenini. Uwanja wa Giants una ukuta mrefu na umbali mkubwa upande wa kulia, unaowaua wapigaji wa mkono wa kushoto. Kumwondoa pale tu ni nusu ya faida.

Timu si imezeeka?

Wapigaji, ndiyo. Freeman 35, Muncy 34, Taylor 34, Betts na Teoscar 32 kila mmoja. Kati ya wanaotarajiwa kuanza, Pages pekee, mwenye 24, ndiye aliye chini ya 29. Dalton Rushing, mdakaji anayejifunza pia uwanja wa kushoto, ndiye chipukizi aliye karibu zaidi kupanda. Muncy alikosa karibu miezi mitatu mwaka jana kwa jeraha la mbavu, akamaliza na mechi 73. Tatizo la namna hiyo litarudi kwa mmoja wao, swali ni kwa nani.

## Fedha na ushindani

Wanalipaje watu wote hawa?

Wana pesa, na wanaahirisha malipo. Mkataba wa Ohtani ni dola milioni 700 kwa miaka 10, lakini anapokea milioni 2 tu kwa mwaka. Milioni 680 zitalipwa kati ya 2034 na 2043 bila riba. Kwa hesabu ya kodi ya ligi (inayotozwa timu ambayo jumla ya mishahara yake inapita kikomo), thamani yake inashuka hadi kama milioni 46 kwa mwaka. Snell, Scott, Edman na Teoscar nao wana sehemu iliyoahirishwa. Kanuni inaruhusu, na ni wazi kwa timu zote 30.

Kodi haiepukwi, hata hivyo. Kiwango cha 2025 kinaanzia dola milioni 241. Kwa timu iliyokivuka miaka mitatu mfululizo au zaidi, kila dola inayopita milioni 301 inatozwa asilimia 110. Mwaka 2024 Dodgers walilipa kodi ya dola milioni 103. Maana yake kiutendaji: mchezaji wa milioni 10 atakayenunuliwa Julai atawagharimu zaidi ya milioni 20.

Kundi lao ni gumu?

Ndilo gumu kuliko yote, kwa maoni yetu. San Diego walishinda 93 mwaka jana na kuwafikisha Dodgers mechi ya tano, ingawa mwaka huu watamkosa Joe Musgrove. Arizona walishinda 89, kisha wakamsajili Corbin Burnes kwa dola milioni 210. San Francisco wamemleta Willy Adames. Colorado pekee, waliopoteza 101, ndio nafuu.

Watashinda mechi ngapi?

Kati ya 97 na 103, na kuongoza kundi. Wanaotabiri 115 wasahau: rekodi ya klabu ni 111 ya mwaka 2022, na mwaka ule walitolewa na San Diego raundi yao ya kwanza. Hadi Februari 2025 hakuna timu iliyokuwa imetetea ubingwa tangu Yankees wa 1998 hadi 2000.

## Maswali ya pembeni

Kuna Mwafrika Mashariki kwenye kikosi?

Si kwenye orodha ya 40. Lakini uhusiano upo: mwaka 2022 Dodgers waliwasaini warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, kwa timu zao za daraja la chini, na kufungua mlango ambao baadaye Pittsburgh waliupitia kumsaini Mganda mwingine, David Matoma. Uganda ilishajitambulisha mapema. Watoto wa Lugazi walicheza mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012. Mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, akiwa na Pittsburgh, Aprili 2017.

Takwimu za kambi zina maana?

Kidogo sana kwa wapigaji. Kwa warushaji angalia vitu viwili tu: kasi ya mpira, na kama anaongeza awamu kila anapotoka. Mkongwe anaweza kupigwa mikimbio sita kwa sababu siku hiyo anajaribu mpira mpya.

Kwa nini wanasafiri Tokyo na watu 31?

Ligi inaruhusu watu 31 kwa safari hiyo, ila wanaosajiliwa kucheza ni 26 kama kawaida. Kwa hiyo ukimwona mtu ndani ya ndege usihitimishe ameingia kikosini. Orodha inaweza kubadilishwa kabla ya tarehe 27.

Mpaka lini wanaweza kuongeza mtu?

Kuuziana wachezaji kunafungwa Julai 31. Tarehe 1 Septemba kikosi kinapanda hadi 28, warushaji wasizidi 14. Kwa mchujo, mchezaji lazima awe ndani ya klabu ifikapo Agosti 31, hata kama yuko Oklahoma City au kwenye majeruhi. Kwa hiyo mrushaji aliyeumia Aprili akapona Septemba 25 anaweza kuanza mechi ya Oktoba, na kwa timu yenye mikono hii ndilo jambo la kufuatilia kuanzia Agosti: si nani ananunuliwa tu, bali Graterol, Kershaw na Ohtani wanarusha mirusho mingapi kwa siku.